Kisa cha 294409: namba iliyopita majaribio kumi na moja na bado haikuwa tasa

Namba yenyewe ni 294409. Ni witiri, haiishii na 5, na jumla ya tarakimu zake ni 28, kwa hiyo haigawanyiki kwa 3. Ukiigawanya kwa 7 inabaki 3, kwa 11 inabaki 5, kwa 13 inabaki 11. Mtu akiiangalia harakaharaka ataiweka kwenye fungu la namba tasa, yaani zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kisha aendelee na shughuli zake. Katika mashindano ya klabu za hisabati za sekondari yaliyofanyika hapa Mwanza, namba hii iliwekwa kuwa swali la mwisho, na iliwashikilia waamuzi mezani hadi watoto wakaanza kukunja viti. Nilikuwa mmoja wa waamuzi hao. Nakieleza kisa kwa urefu kwa sababu naamini makundi yote mawili yaliyobishaniwa yalistahili maelezo kuliko alama tuliyowapa, na karatasi ya kusahihishia haikuwa na nafasi ya maelezo.

Swali lilisema hivi: eleza aina ya namba 294409 na utoe sababu kamili, kama si tasa, toa vigawo vyake, taja sifa nyingine yoyote ya kweli. Alama nne zilikuwa za aina pamoja na sababu, nne za vigawo, mbili za sifa ya ziada. Washindani waliruhusiwa kutumia kikokotoo cha kawaida, au programu waliyoiandika wenyewe, si ya kupakua.

Kundi la kwanza, la shule moja ya mjini, lilikuja na kompyuta mpakato na programu fupi waliyoitengeneza muhula mzima. Programu ile inachukua orodha ya namba tasa kumi na moja za mwanzo: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23, 29, 31. Kwanza inaangalia kama namba inayochunguzwa inagawanyika kwa mojawapo. Isipogawanyika, kila namba ya orodha inatumika kuwa kipimio: inapandishwa kwa kipeo cha 294408, yaani namba yenyewe ukitoa 1, halafu jibu linagawanywa kwa 294409 na baki linaandikwa. Baki likiwa 1, programu inaandika "imepita". Skrini ilionyesha "imepita" mara kumi na moja. Wakajibu: namba tasa. Kwa sifa ya ziada waliandika kwamba 28, jumla ya tarakimu, ni namba kamilifu, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 ni 28. Hilo ni kweli na walipata alama zake.

Kundi la pili lilitoka Ukerewe, vijana waliovuka kwa meli kutoka Nansio jana yake. Hawakuwa na kompyuta. Walikuwa na kikokotoo chenye kitufe cha kipeuo cha pili, na walikitumia kwa namna ambayo sikuitarajia. Waliona kwanza kwamba kipeuo cha pili cha 294409 kiko kati ya 542 na 543, kwa hiyo namba si mraba kamili. Hiyo ndiyo sifa yao ya ziada. Kisha wakaanza kushuka. 542² ni 293764, inabaki 645, ambayo si mraba. 541² ni 292681, inabaki 1728, si mraba. 540² ni 291600, inabaki 2809, na 2809 ni 53². Wakaandika: 294409 = 540² + 53². Hawakuishia hapo. Waliendelea kushuka hadi wakapata nyingine: 528² + 125². Na nyingine tena: 480² + 253². Wakajibu kwa sentensi moja: namba tasa haiwezi kuandikwa hivyo kwa njia mbili tofauti, kwa hiyo hii si tasa. Kwenye nafasi ya vigawo waliacha wazi. Muda uliwaishia.

Karatasi ya majibu mezani kwetu ilikuwa na 37 × 73 × 109. Aina ya namba, kwa hiyo, haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa juu ya sababu. Mwamuzi mwenzetu mkongwe, mwalimu mstaafu ambaye sote tunamwita Mzee, alishika karatasi ya vijana wa Ukerewe akauliza, "Vigawo viko wapi?" Kwake, kusema namba si tasa bila kuonyesha hata kigawo kimoja ni kubahatisha, na atakayebahatisha kati ya majibu mawili atapatia nusu ya mara zote. Mwingine akaenda mbali zaidi: kundi la kwanza limeonyesha ushahidi mara kumi na moja, la pili halijaonyesha chochote kinachohusu kugawanyika; angalau la kwanza lipewe nusu ya alama za sababu. Tukamwita msemaji wa kila kundi.

Msichana wa kundi la kwanza alisalimia, kisha akasema, "Mwalimu, tulirudia kila mstari. Kompyuta haijakosea." Alikuwa sahihi kabisa. Mabaki yote kumi na moja ni 1 kweli. Ukiyakokotoa leo kwa karatasi utayapata yaleyale. Kijana wa Ukerewe naye, akimtazama Mzee, alisema, "Shikamoo mzee. Vigawo hatuna, lakini tasa siyo." Naye alikuwa sahihi.

Nianze na kundi la kwanza, kwa sababu kosa lao lina asili ndefu na ya heshima. Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Ufaransa aliyependa namba, alimwandikia rafiki yake Frénicle de Bessy kanuni hii: ukiwa na namba tasa p, na namba yoyote a isiyogawanyika kwa p, basi a ikipandishwa kwa kipeo cha p − 1 na kugawanywa kwa p itaacha baki 1. Hakutuma uthibitisho, Leonhard Euler aliutoa karibu karne moja baadaye. Kanuni inasema jambo moja tu: kama namba ni tasa, baki ni 1. Haisemi kwamba baki likiwa 1 namba ni tasa. Mfano mdogo unaonyesha pengo. Chukua 341, ambayo ni 11 × 31. Kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 10 ni 1024, na 1024 ni 3 × 341 + 1, basi 2 kwa kipeo cha 340 inaacha 1 pia. Kwa kipimio cha 2, basi, 341 imepita jaribio la Fermat. Namba ya aina hii tuiite tasa bandia kwa kipimio cha 2.

Vijana walilijua hilo, na ndiyo maana hawakutumia kipimio kimoja. Ukiijaribu 341 kwa kipimio cha 3, baki ni 56, na imekamatwa. Wazo lao lilikuwa kwamba namba bandia itapita kipimio kimoja au viwili, haitapita kumi na moja. Kwa namba nyingi wazo hilo linafanya kazi. Chini ya milioni moja kuna namba tasa 78,498, na bandia za kipimio cha 2 ni 245 tu. Ukiongeza kipimio cha 3, kisha cha 5, bandia zinazidi kupungua. Lakini hazifiki sifuri, na 294409 ni mojawapo ya zile zinazobaki hata ukiongeza vipimio vingi namna gani, mradi hakuna kinachogawanyika kwa kigawo chake.

Sababu unaweza kuiona kwa kalamu. Vigawo tasa vya 294409 ni 37, 73 na 109. Toa 1 kwa kila kimoja: 36, 72, 108. Sasa gawanya 294408 kwa kila moja. Kwa 36 unapata 8178 kamili. Kwa 72 unapata 4089 kamili. Kwa 108 unapata 2726 kamili. Hapo ndipo mtego ulipo. Kanuni ya Fermat, ikitumika kwa 37 peke yake, inasema kipimio chochote kisichogawanyika kwa 37 kikipandishwa kwa kipeo cha 36 kinaacha 1. Kipeo cha 294408 ni 36 mara 8178, kwa hiyo ni 1 ikipandishwa tena, nayo inabaki 1. Vivyo hivyo kwa 73, vivyo hivyo kwa 109. Na namba inayoacha 1 kwa vigawo vyote vitatu vilivyo tasa na tofauti inaacha 1 kwa zao lake, 294409. Programu ya vijana haikuwa na bahati mbaya mara kumi na moja. Ilikuwa inauliza swali ambalo namba hii lazima iijibu "ndiyo".

Mjerumani Alwin Korselt aliandika sharti hili mwaka 1899: namba isiyo tasa itapita jaribio la Fermat kwa kila kipimio kisichoshirikiana nayo kigawo endapo, na endapo tu, vigawo vyake tasa havijirudii, na kila kigawo tasa ukikitoa 1 kinagawanya namba nzima iliyotolewa 1. Hakutoa mfano. Mwaka 1910 Robert Carmichael wa Marekani alichapisha mfano mdogo kuliko yote, 561, yaani 3 × 11 × 17, na namba za kundi hili zikachukua jina lake. Ni haki kumtaja pia Václav Šimerka, padre wa Bohemia, aliyekuwa ameziorodhesha saba za mwanzo mwaka 1885 bila ulimwengu kumsikia. Chini ya milioni moja ziko 43, na 294409 ni ya 25 katika foleni hiyo. Kwamba hazina mwisho lilithibitishwa na Alford, Granville na Pomerance, na uthibitisho wao ukachapishwa mwaka 1994.

Namba yetu ina ukoo wa karibu zaidi ndani ya kundi hilo. Mwaka 1939 Jack Chernick alionyesha kwamba ukichukua namba k, na 6k + 1, 12k + 1 na 18k + 1 zote zikatokea kuwa tasa, zao lake ni namba ya Carmichael. Fungua mabano uone: zao ukitoa 1 ni 1296k³ + 396k² + 36k, na kila kipande kinagawanyika kwa 36k, kwa hiyo kwa 6k, 12k na 18k pia. Weka k = 1: 7 × 13 × 19 ni 1729, namba maarufu ya Ramanujan, iliyo ndogo kuliko zote zinazoandikwa kwa njia mbili kuwa jumla ya vipeo viwili vya tatu vya namba chanya. Weka k = 2, inaingia 25, haifai. Kwa 3 inaingia 55, kwa 4 inaingia 25 tena, kwa 5 inaingia 91 ambayo ni 7 × 13. Weka k = 6: 37, 73, 109, zote tasa. Kwa hiyo baada ya 1729, anayefuata katika ukoo huu ni 294409, na yeyote aliyetunga swali letu alijua anachokifanya.

Mmoja wa waamuzi aliuliza swali zuri: je, vijana wangeongeza vipimio wangeikamata? Jibu linategemea maana ya kukamata. Kati ya vipimio vyote kutoka 1 hadi 294408, vinavyopita ni vile visivyogawanyika kwa 37, 73 wala 109. Idadi yao ni 36 × 72 × 108, ambayo ni 279,936. (Hiyo ni 6 kwa kipeo cha 7 barabara, jambo ambalo halina kazi katika kesi hii, lakini lilinifurahisha nilipoliona.) Vinavyoanguka ni 14,472, chini kidogo ya asilimia 5. Na kila kimoja kati ya hivyo kinaanguka kwa sababu moja tu: kimebeba kigawo cha namba yenyewe. Yaani jaribio la Fermat kwa namba hii haliwezi kukuambia chochote mpaka ujikwae kwenye kigawo, na ukishajikwaa kwenye kigawo hulihitaji jaribio.

Orodha yao iliishia 31. Namba tasa inayofuata ni 37, kigawo kidogo kuliko vyote vya 294409. Kipimio kimoja zaidi na programu ingeandika "inagawanyika". Mzee alilitaja hili kwa huruma, na nilimwelewa, ila sikukubali litumike kuwapunguzia wala kuwaongezea alama. Kama orodha ingefika 37, wangepata jibu sahihi la namba hii na wangebaki na imani ileile kuhusu programu, na namba ya Carmichael yenye vigawo vikubwa zaidi ingewapita kesho yake. Kama walitaka kuthibitisha kwa kugawanya, kazi ilikuwa kufika kwenye kipeuo cha pili, yaani kujaribu namba tasa zote zisizozidi 542. Hizo ni mia moja kamili. Ya mia ni 541. Kumi na moja kati ya mia ni mwanzo wa uthibitisho, na kompyuta ingeimaliza mia yote kabla hujakohoa.

Sasa kundi la pili. Hoja yao ilisimama juu ya jambo jingine la Fermat, ambalo Euler ndiye aliyelithibitisha katika karne ya 18: namba tasa inayoacha baki 1 ikigawanywa kwa 4 huandikwa kuwa jumla ya vipeo viwili vya pili, na kwa njia moja tu, ukiacha kubadilisha mpangilio. 294409 ni 4 × 73602 + 1. Ingekuwa tasa, ingekuwa na jozi moja. Vijana wameonyesha tatu, kila moja unaweza kuihakiki kwa kikokotoo cha dukani: 291600 na 2809, 278784 na 15625, 230400 na 64009. Jozi mbili tu zinatosha kuifungia mlango. (Ya nne ipo: 395² + 372². Wangeendelea kushuka wangeikuta, na baada yake hakuna nyingine.)

Hapa ndipo nilipotofautiana na Mzee waziwazi, kwa adabu zote. Yeye alitaka kigawo mkononi. Mimi nasema kuthibitisha kwamba namba ina vigawo na kuvitaja vigawo hivyo ni kazi mbili, na swali letu lenyewe lilizitenga kwa kuzipa alama tofauti. Hoja ya vijana haina mwanya. Haitegemei bahati, haitegemei vipimio vingapi vimejaribiwa. Anayetaka kuipinga aonyeshe kwamba 528² + 125² si 294409, au kwamba kanuni ya Euler ni ya uongo.

Na vigawo vilikuwa vimelala kwenye karatasi yao, hatua mbili mbele. Chukua jozi ya kwanza na ya tatu. 540 − 480 ni 60. 253 − 53 ni 200. Uwiano wa 60 kwa 200 ni 3 kwa 10. Chukua 3² + 10²: ni 109. Gawanya 294409 kwa 109: ni 2701. Euler ndiye aliyeifanya njia hii kuwa chombo cha kutafutia vigawo. Kijana msemaji nilipomwonyesha kwenye kona ya ukumbi alinyamaza, akachukua kalamu, akaifanya upya kwa jozi ya kwanza na ya pili: 540 − 528 ni 12, 125 − 53 ni 72, uwiano ni 1 kwa 6, na 1² + 6² ni 37. Hakuniuliza chochote. Aligawanya 2701 kwa 37, akaandika 73, akapiga mstari chini.

Narudi kwa programu, kwa sababu kuna jambo ambalo vijana wa mjini walikuwa nalo mkononi wakalitupa, na naliona kuwa kiini cha kisa chote. Programu yao iliangalia baki la mwisho tu. Haikuangalia njia iliyolifikia.

294408 ni 8 × 36801. Kwa hiyo unaweza kuanza na 2 kwa kipeo cha 36801, kisha ukazidisha jibu kwa lenyewe mara tatu. Kokotoa mabaki: ya kwanza ni 512. Zidisha 512 kwa 512, unapata 262144, ambayo bado ni ndogo kuliko 294409, kwa hiyo inabaki hivyo hivyo. Zidisha 262144 kwa yenyewe: 68719476736. Gawanya kwa 294409: ni 233415 kamili, baki 1. Baada ya hapo ni 1 tena. Mfuatano ni 512, 262144, 1, 1. Programu iliona 1 ya mwisho ikaandika "imepita".

Tazama hatua ya kutoka 262144 kwenda 1. Kama 294409 ingekuwa tasa, mabaki ambayo yakizidishwa kwa yenyewe huacha 1 yangekuwa mawili tu: 1 yenyewe na 294408. Sababu ni nyepesi: x² − 1 ni (x − 1)(x + 1), na namba tasa ikigawanya zao lazima igawanye mmojawapo. Lakini 262144 si 1 wala si 294408. Kwa hiyo 262143 × 262145 inagawanyika kwa 294409 wakati hakuna kati ya hizo mbili inayogawanyika. Namba imejigawa: sehemu yake iko upande mmoja, sehemu iko upande wa pili. Tafuta kigawo kikubwa cha shirika cha 262143 na 294409 kwa njia ya Euclid: 294409 kutoa 262143 inabaki 32266, 262143 kwa 32266 inabaki 4015, 32266 kwa 4015 inabaki 146, 4015 kwa 146 inabaki 73, na 146 inagawanyika kwa 73. Jibu ni 73. Fanya hivyo kwa 262145 utapata 4033, yaani 37 × 109.

Kipimio kimoja, kile kidogo kuliko vyote, na namba haikukamatwa tu, ilitoa vigawo. Hili ndilo jaribio la Miller na Rabin, lililotokana na kazi ya Gary Miller ya mwaka 1976 na ya Michael Rabin ya mwaka 1980. Kwa namba witiri isiyo tasa, angalau robo tatu ya vipimio vinavyowezekana huifichua, na hakuna namba iliyo sugu kwa vyote jinsi za Carmichael zilivyo sugu kwa Fermat. Kwa namba ndogo kama zetu ni zaidi ya hapo: chini ya 1,373,653 vipimio viwili tu, 2 na 3, vinatoa jibu lisilo na shaka, na ukiongeza 5 na 7 uhakika huo unafika hadi karibu na 3,215,031,751. Kwa tarakimu sita, jaribio hili ni uthibitisho kamili. Funguo za siri za RSA, mfumo wa kuficha ujumbe uliotangazwa mwaka 1977, zinajengwa kwa namba tasa zenye mamia ya tarakimu, na kwa kawaida huchujwa kwa majaribio ya aina hii. Mwaka 2002 Agrawal, Kayal na Saxena wa Kanpur, India, walitoa njia ya kuthibitisha utasa kwa uhakika kamili na kwa muda usiolipuka namba inapokua. Katika kazi za kila siku watu bado wanatumia Miller na Rabin kwa wepesi wake.

Sifa nyingine za namba hii nizipitie haraka. Ina vigawo vinane: 1, 37, 73, 109, 2701, 4033, 7957 na yenyewe. Vile saba vya mwanzo vikijumlishwa ni 14911, kidogo sana kuliko namba, kwa hiyo ni namba pungufu. Kinachovutia zaidi ni kwamba 2701, 4033 na 7957 nazo, kila moja peke yake, ni tasa bandia kwa kipimio cha 2. Chanzo ni kimoja: 2 kwa kipeo cha 36 inaacha 1 kwa 37, kwa 73 na kwa 109, na 2700, 4032 na 7956 zote zinagawanyika kwa 36.

Uamuzi tuliofikia ulikuwa huu. Ukerewe walipata alama zote nne za aina na sababu, sifuri ya vigawo, mbili za sifa. Mzee alikubali baada ya kuhakiki jozi mwenyewe, akasisitiza sifuri ya vigawo ibaki, na hilo lilikuwa haki. Kundi la mjini walipata mbili za sifa basi. Kwenye aina na sababu hapakuwa na namna ya kuwapa: sababu waliyoitoa haizai hitimisho walilolitoa, hata kama kila mstari wake ni wa kweli. Wangeandika "imepita jaribio la Fermat kwa vipimio kumi na moja, huenda ni tasa", ningewapigania wapewe alama mbili, kwa maana hiyo ingekuwa taarifa sahihi ya kazi waliyoifanya. Nimependekeza karatasi ya mwaka ujao iulize mambo mawili kwa kutengana: programu yako imeonyesha nini, na wewe unahitimisha nini.

Kundi la mjini walikata rufaa, kama kanuni zinavyowaruhusu. Tuliwajibu kwa kuwataka waongeze mstari mmoja kwenye programu, uchapishe kila baki la njiani badala ya lile la mwisho. Msichana msemaji aliuandika palepale, wenzake wamemzunguka. Skrini ikaonyesha 512, 262144, 1, 1. Akauliza 262144 inatoka wapi. Nikamwambia ni 2 kwa kipeo cha 18. Akakaa nayo kidogo, kisha akatoa 1, akatafuta kigawo cha shirika, akapata 73. Aliifuta rufaa kwa maandishi, na chini yake akaomba kundi la Ukerewe liwape karatasi yao ya vipeo wakainakili.